Diski Isiyo na Kufuli



Dada yetu mmoja ametuuliza swali ambalo tunaamini limo katika nyumba nyingi. Mwanawe ana PlayStation ya kwanza aliyoachiwa na mjomba wake, naye anataka ipelekwe kwa fundi ikafunguliwe. Je, mama akitoa ujira wa fundi ana makosa?

Tulitazame kwanza kufuli lenyewe. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 1994. Diski zake za asili zilitiwa, karibu na ukingo wa ndani, alama ambayo mitambo ya kawaida ya kunakilia haiwezi kuiandika. Alama isipoonekana, mchezo haufunguki. Fundi hutia chipu ndogo inayoiaminisha mashine kwamba alama ipo, na haipo.

Hata hivyo, si kila kufuli huwekwa kumzuia mwizi. Wenye dividii waliigawa dunia kwa maeneo: Ulaya, Japani na nchi za Ghuba ni eneo la 2, na Kenya ni eneo la 5. Jamaa yetu alipotuletea kutoka Dubai dividii ya Ar-Risala, filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, deki yetu iliikataa, ilhali ilinunuliwa kwa mali ya halali na hakuna aliyeinakili. Anayenunua deki ya kusoma maeneo yote, tuonavyo sisi, hakumdhulumu mtu. Huko Norwei, kijana Jon Lech Johansen alishtakiwa kwa programu ya mwaka 1999 iliyofungua dividii. Mwaka 2003 mahakama ilimwachilia, kwa kuwa mtu ana haki ya kuitazama diski aliyoinunua.

Swali la dada yetu si hilo. Mwanawe anazitaka diski za kunakiliwa, zinazouzwa kwa bei ya chee. Mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait, iliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inakataza kuvunja kinga za namna hiyo.

Wako wasemao kwamba kampuni hizo ni tajiri, ziko mbali, wala hazitaumia. Tunawajibu kwa tuliyoyaona kwa macho yetu. Mabinti wa madrasa moja walirekodi kasida, wakauza dividii wapate kuezeka paa. Mwezi haukwisha, nakala zilikuwa zikiuzwa nje ya msikiti kwa nusu ya bei, na wanunuzi tulikuwa sisi kwa sisi. Diski yao haikuwa na kufuli lolote. Ililindwa na ucha Mungu wa jirani tu. Mvua za masika ziliwakuta bila paa.

Mkono uliozoea kuchukua cha tajiri aliye mbali hauulizi tena mwenyewe ni nani.

Kwa hivyo, dada yetu, ujira huo usiutoe. Mweleze mwanao sababu kwa upole, kisha fedha hizo ziwekeni mpaka zitoshe kununua mchezo mmoja wa asili. Mmoja wa halali una baraka kuliko hamsini za wizi.

Wallahu aalam.