Rupia Yenye Tundu

Mwambie kijana wa mjini kwamba unakusanya sarafu kuukuu uone atakavyocheka. "Sasa bwana, hela isiyonunua hata andazi ya nini?" Kumbe hilo neno hela analolitaja lenyewe ni sarafu kuukuu! Limetokana na heller, senti ya Mjerumani iliyoanza kutumika huku kwetu mwaka 1904. Heller 100 zilikuwa rupia moja.

Kule Marekani wenzetu hawalichekei jambo hili. Dola zao za fedha zilizoanza kufuliwa 1878, zile ziitwazo Morgan, wazee kwa vijana wanazitafuta na kuzitazama kwa lenzi. Nyingi hazipo tena. Kwa sheria ya mwaka 1918 dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo Waingereza wakaipeleka India kufulia rupia. Ndugu msomaji, fedha haina kwao. Leo ina sura ya Mmarekani, kesho ina sura ya mfalme mwingine.

Mimi sina dola hata moja. Niko Mafinga, mji wa mbao, baridi na mabasi ya Mbeya yanayopita usiku. Nilianza kukusanya nikiwa sekondari, nikiomba kwa wazee vijijini, na mpaka mwaka juzi nilikuwa na heller kumi na nne na rupia sita. Rupia tano zilikuwa safi. Ya sita ni ya 1892, na ina tundu. Upande mmoja yumo Kaisari Wilhelm na kofia yake ya chuma yenye tai juu. Upande wa pili simba na mnazi. Hiyo nilipewa na bibi yangu.

"Mume wangu," aliniambia siku hiyo, maana ndivyo anavyoniita, "hiyo uiweke mbali na zingine."

"Kwa nini, Bibi?"

"Hiyo ilikuwa bei ya mtu."

Sisi wa Iringa tunaijua habari hii tangu utotoni, ila huwa tunaisimulia kwa mikuki na kusahau hesabu. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 wakaivunja ngome yake ya Kalenga, naye akaingia porini. Wakamtafuta miaka karibu minne bila kumpata. Ndipo wakatangaza zawadi: rupia 5,000 kwa kichwa chake. Julai 1898 akajiua kwa risasi ili wasimshike. Kichwa wakakichukua hata hivyo, na fuvu lililorudishwa mwaka 1954 liko Kalenga kwenye makumbusho.

Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66. Zidisha mara 5,000. Unapata kilo 58 na ushee. Ni mfuko wa saruji na kilo nane juu yake. Ni uzito wa kijana wa rika langu! Waliweka mizani, upande mmoja fedha, upande mwingine mtu, wakasubiri nani atajitokeza.

Rupia yangu haikuwa miongoni mwa hizo 5,000, au pengine ilikuwa, nani atajua? Ninachojua ni maneno ya Bibi kwamba mama mkwe wake ndiye aliyeitoboa, akamvalisha mtoto shingoni. Nikamwuliza mbona aliharibu hela nzima wakati kodi ilikuwa inadaiwa. Akanijibu taratibu, "Iliyotobolewa Serikali haipokei."

Mwaka juzi mdogo wangu alidaiwa ada ya chuo. Akaja mnunuzi mmoja kutoka Dar, akazipanga sarafu zangu mezani kama mtu anayechambua maharage. Heller zote akachukua. Rupia tano safi akachukua, na bei yake haikuwa mbaya. Ile ya tundu akaisukuma pembeni, maana kwa wakusanyaji tundu ni kilema. Halafu, alipokwisha kufunga mkoba, akasema, "Haya, nayo nipe, nitakuongezea elfu kumi."

Elfu kumi ilikuwa ndiyo nauli ya mdogo wangu iliyopungua. Nilimtazama, akanitazama. Nikamwambia hiyo haiuzwi. Akacheka, "Unauza nzima, unabakiza mbovu?"

Nauli tuliipata baadaye kwa kukopa kwa jirani.

Tangu hapo marafiki wananiuliza, mkusanyaji gani anayebaki na sarafu moja? Nawajibu kwamba wapo wanaokusanya sarafu ili wajue zina thamani gani. Mimi ninabaki na hii ili nikumbuke kwamba paliwahi kuwa na mama mmoja, hakusoma, hakuandikwa popote, aliyeshika fedha ya wakubwa mkononi, akachukua msumari, akaamua kwamba hii haitanunua mtu tena.