Baiskeli ya Kahawa kwenye Bwawa la Chinga

Mwaka 1976 kahawa iliingiza pesa Nyeri kwa namna ambayo sisi watoto hatukuwa tumewahi kuiona. Baridi kali ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazil katikati ya mwaka 1975, bei ikapanda duniani kote, na malipo yalipofika kwenye vyama vya ushirika vya Tetu, Mathira na Mukurweini, watu walinunua mabati, redio na baiskeli. Mjomba wangu alinunua baiskeli. Ilikuwa Black Mamba yenye bomba la juu, breki za vyuma virefu, taa iliyowashwa na dinamo ikisuguana na tairi, na karia pana iliyobeba gunia zima bila kulalamika.

Baiskeli ile ilikuwa punda wa nyumba. Alfajiri ilipeleka maziwa, mchana ikabeba kahawa mbivu hadi kiwandani, Jumamosi ikaenda kusaga mahindi. Aliyepanda alikuwa ametumwa, na aliyerudi mikono mitupu aliulizwa alikokuwa. Sisi tuliokuwa wafupi tulijifunzia uwanjani kwa kupitisha mguu mmoja chini ya lile bomba, mwili ukipinda upande, pedali zikizungushwa nusunusu. Ukiiweza hivyo, umehitimu, na siku iliyofuata unatwikwa debe.

Ndiyo maana nilishangaa Desemba ile, shule zikiwa zimefungwa, mjomba aliponiambia, "Kesho hatubebi kitu. Jiandae mapema, tutakwenda Chinga nikakuonyeshe maji."

"Tunamwendea nani, Mjomba?"

"Hatumwendei mtu. Tunakwenda kuona."

Tuliondoka umande ukiwa bado majanini. Aijuaye barabara ya kutoka upande wa Tetu kwenda Othaya anajua kwamba haina huruma kwa mwenye baiskeli. Milima inashukia mabondeni, na katika bonde lenye kina kuliko yote unapita mto Gura, ambao wenyeji husema hakuna mto unaokimbia kuushinda. Kwenye mteremko nilikaa kwenye karia nikiwa nimemkumbatia mjomba kiunoni, kwenye mwinuko tukaisukuma baiskeli kwa zamu. Upande wa kaskazini-mashariki Mlima Kenya ulikuwa wazi, theluji inaonekana, jambo la asubuhi tu, kwani ikifika saa nne mawingu huufunika.

Baada ya Othaya tukaingia nchi ya majani chai. Kisha maji yakatokea. Kwa macho ya mtoto aliyezoea mito myembamba inayokimbia mabondeni, Bwawa la Chinga lilikuwa ziwa. Maji yalikuwa yametulia, chai imepanda vilima pande zote, na kando yake palikuwa na njia ya miguu ya udongo mwekundu, tambarare, ikipita chini ya mikaratusi mirefu. Baada ya yale mabonde, nilihisi kana kwamba mtu alikuwa ametutengenezea njia ile.

Hapo mjomba alishuka, akanikabidhi usukani.

Alinifundisha mambo ambayo hadi leo nawafundisha wajukuu. Usiliangalie gurudumu, tazama njia pale unapotaka kufika. Ukiona mzizi, inuka kidogo kwenye kiti, pedali zote mbili ziwe sawa, magoti yalegee, uiache baiskeli iruke yenyewe. Usikamate breki juu ya majani mabichi, kamata kabla hujafika. Black Mamba haikuwa na gia na ilikuwa nzito mno, lakini kwenye njia ya sawasawa, ikishashika kasi, ule uzito wenyewe uliifanya iendelee kwenda. Majani ya mikaratusi yalipasuka chini ya tairi, harufu yake kali ikanipanda puani. Mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu alitoka kwenye matete akapita mbele yetu. Mjomba alikimbia kando yangu huku amevua koti, mtu mzima mwenye heshima zake, anacheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Tulipoketi kula viazi vitamu tulivyofungiwa nyumbani, ndipo aliponieleza kilichotuleta.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikuwa kijana. Misitu ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, ile ambayo ramani huiita Aberdare, ilifanywa eneo lililopigwa marufuku. Mtu akionekana ndani aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Upande wa Mlima Kenya wanakijiji, wanawake wakiwa wengi, walilazimishwa kuchimba handaki la takriban maili 50 kando ya msitu, likatiwa miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Watu walihamishwa wakafungiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine uliomba pasi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, alikamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957.

"Miaka ile," mjomba alisema, "nikiona miti mingi pamoja nilikuwa natazama chini. Ukitazama msitu, askari anakuuliza unamtafuta nani. Leo nimepita chini ya miti na mtoto, sina pasi, sina mzigo, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitaka ulione jambo hili ukiwa mdogo."

Nilikuwa mtoto, nikaitikia tu, "Ndiyo, Mjomba." Uzito wa maneno yale niliupata baadaye, nilipoona jinsi misitu ile iliyofunguliwa kwa damu ilivyoanza kutuponyoka kwa njia nyingine.

Katika miaka ya 1980 na 1990 nilipita mara nyingi kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, kuanzia Ragati na Hombe hadi Kabaru na Gathiuru. Malori ya magogo yalitoka mchana kweupe. Moshi wa makaa ulisimama mahali ambapo tuliambiwa ni msitu. Mwaka 1997 mlima uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1999, Shirika la Wanyamapori lilirusha ndege juu ya msitu na kuonyesha nchi nzima ukubwa wa uharibifu: mitarakwa na mikafuri imekatwa, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi katikati ya miti ya asili. Mwaka uliofuata msitu ule ukawekwa chini ya shirika hilo.

Mwaka huohuo wa 1999, mwezi Januari, binti wa Ihithe, Tetu kwetu, alipigwa hadi kutoka damu kichwani kwa kujaribu kupanda miti katika msitu wa Karura, Nairobi. Binti huyo, Wangari Maathai, alikuwa ameanzisha harakati za kupanda miti za Green Belt mwaka 1977, wakati baiskeli ya mjomba ingali mpya. Mwaka 2004 dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo Karura ina njia za baiskeli, na kila Jumapili familia zinaendesha chini ya miti ambayo ilikaribia kuwa majumba ya watu wachache. Nimekwenda huko na wajukuu, nikasimama kando ya njia nikiwatazama wanavyoinuka kwenye kiti wanapofika penye mizizi.

Huku kwetu pia mambo yametengemaa kiasi. Ua wa umeme wa Nyandarua ulianza mwaka 1989, ukakamilika 2009. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wanaoishi kando ya misitu nafasi ya kuitunza kupitia vyama vyao. Pale Mlima Kenya huandaliwa mashindano ya baiskeli yaitwayo 10to4, ambayo jina lake linatokana na mteremko wa kutoka futi 10,000 hadi 4,000, na fedha zake husaidia kuhifadhi mlima.

Hata hivyo, naona vijana wengi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wakidhani kwamba kuingia msituni bila kazi ni jambo la watalii. Wanaujua msitu kwa kuni, kwa malisho na kwa hofu ya ndovu. Mtoto ambaye hajawahi kufurahia kivuli cha mti hataona hasara mti ukianguka. Atahesabu mbao.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, walimu na serikali ya kaunti. Tengeni njia nyepesi za baiskeli katika misitu yetu na kando ya mabwawa, zenye askari wa msitu wa kuzilinda na ada ambayo mtoto wa mkulima anaimudu. Nawe mwenye baiskeli nyumbani, siku moja ya likizo ivue mzigo, umchukue mtoto, mwende mkaone maji na miti. Wazee wetu walinyimwa haki hiyo kwa bunduki, na ni juu yetu kuitumia na kuilinda.