Kizungu cha Kupigiwa Chapa

Nilipofungua duka langu la kupiga chapa karibu na soko la Kalundu, mjini Kitui, wateja wakubwa walikuwa walimu wa shule za msingi. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba walizitumia kusomea digrii. Walitoka Mutomo, Mwingi na Zombe, wengine wakivuka kutoka upande wa Makueni, kazi zao zimeandikwa kwa kalamu kwenye fulskepu. Vyuo vyao vilikuwa vingi, vingine mbali sana na hapa, nami sitataja hata kimoja.

Mpiga chapa huujua mwandiko na lugha ya mteja kabla hajalishika jina lake. Mmoja alimwaga koma kila baada ya maneno matatu. Mwingine kila aya aliianza kwa neno lile lile zito alilolipenda. Wengi wetu Wakamba, l na r hubadilishana nafasi mdomoni, na kwenye karatasi vilevile. "Mwaitu, hapo kwenye Kizungu nirekebishie kidogo," waliniambia, wakiniita mama kwa Kikamba, nami nikarekebisha. Hakuna aliyeona ni wizi. Wizi ulijulikana umbo lake: ulikuwa vile vikaratasi vya kuibia mtihani, mwakenya, vilivyorithi jina la kundi la siri lililosakwa na serikali ya Moi miaka ya 1980. Kijana akija kuomba daftari zima lipunguzwe kwenye mashine ya kunakili mpaka litoshe kiganjani, ulijua anakoelekea.

Halafu vijana wakatujaa. Mwaka 2008, pale Kwa Vonza palipokuwa na taasisi ya kilimo ya Ukamba, kilianzishwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2013 kikapata hati na kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na mji wa Wote nao ukawa na kampasi yake. Kodi ya vyumba ikapanda, vibanda vya chapati vikaongezeka, na kila aliyekuwa na kompyuta mbili akaandika "saiba" mlangoni.

Fulskepu zikatoweka, flashi zikashika nafasi. Sasa kazi ilifika ikiwa imeshapigwa chapa, yangu ikawa kuchapisha na kubaindi tu. Ukurasa mmoja ungekuta aina tatu za herufi, moja kwa kila tovuti iliyochotwa. Viungo vya Wikipedia vilibaki na rangi yake ya buluu. Niliwahi kumwonyesha kijana mmoja, akashukuru, akabadilisha rangi ikawa nyeusi, akaondoka. Vyuo vilipoanza kutumia Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, ujanja huo ukaisha nguvu, na mazungumzo ya wanafunzi yakawa ya asilimia: wewe umepata ngapi, chuo chenu kinakubali ngapi.

Kipindi hicho hicho palikuwa na wateja wa usiku. Waliingia tukikaribia kufunga, wakalipia mpaka alfajiri, wakaandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Kuhusu uuguzi, kuhusu sheria za nchi ambazo hawajazikanyaga. Waliita kazi hiyo "kuandika akaunti", maana akaunti ilikuwa ya mtu mwingine aliyewakodisha. Wakenya wengi wamekula kutokana na biashara hiyo, na mwaka 2024 Profesa Patricia Kingori wa Oxford aliifuatilia katika filamu ya The Shadow Scholars. Mimi sikuhitaji filamu. Nilishangazwa na jambo moja: kijana ambaye mhadhiri wake humrudishia kazi ikiwa imejaa wino mwekundu, usiku huo huo Kizungu chake kinamfaulisha Mwingereza.

ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na kufika katikati ya mwaka uliofuata viti vya usiku vilikuwa wazi. Mteja wa ng'ambo hakuwa tena na haja ya mtu wa Kitui. Na wanafunzi wetu wakagundua kwamba Kizungu kilichokuwa kikiombwa kwa Mwaitu, kwa kaka aliyesoma, kwa Wikipedia, sasa kinatoka simuni bure.

Aprili 2023 Turnitin ikaongeza kipimo cha kukisia maandishi ya mashine, na hapo ndipo mambo yalipopinduka. Zamani niliombwa nisafishe lugha. Sasa naombwa niichafue. "Mwaitu, tia makosa kidogo, isomeke kama mtu." Binti mmoja wa Kibwezi aliniletea pendekezo la utafiti lililorudishwa kwa shaka, naye aliliandika mwenyewe, nilimwona akiandika hapa dukani wiki nzima. Kosa lake lilikuwa kuandika vizuri kwa namna ile ile tuliyofundishwa kwa ajili ya insha ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliodumu kuanzia 1985 hadi 2023: sentensi zilizopangwa, viunganishi kila mahali, neno kubwa badala ya dogo. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka huo wa 2023 kwamba vipimo saba vya aina hiyo vilizishuku zaidi ya nusu ya insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, ilhali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Msimamizi wa binti huyo, kwa bahati, alikuwa mtu mzima. Alimpa kalamu, akamwambia aandike aya moja mbele yake. Akaandika. Ikaisha.

Ila mimi mwenyewe, nikiulizwa udanganyifu mkubwa niliouona uko wapi, nitaonyesha mwarobaini ulio nje ya duka. Chini yake nimeona vijana wamekaa na hojaji mia moja za utafiti, kuhusu mabwawa ya mchanga Makueni au ndengu za enzi za Gavana Ngilu wa Kitui, wakizijaza wenyewe, wakibadilishana kalamu za rangi mbalimbali ili ionekane ni wakulima tofauti. Mkulima wa Ikutha anahojiwa kwa Kikamba, majibu yake huandikwa kwa Kiingereza, na hakuna programu inayouliza kama aliwahi kuhojiwa. Ripoti inatoka na asilimia ndogo, safi kabisa. Hao hatukusikia wameitwa na kamati yoyote.

Mhadhiri mmoja ameanza kudai majina ya vijiji na ya wazee wa mitaa, na huwapigia simu wazee hao mbele ya mwanafunzi, kwa Kikamba. Wanafunzi wake wanalalamika kwangu juu ya nauli. Mmoja alikuja Jumatatu kuchapisha bajeti ya mradi wake. Mstari wa kwanza ulikuwa matatu ya Kitui hadi Ikutha, kwenda na kurudi, siku nne.