Virusi ndani ya zawadi ya bule



Katika namba iliyopita, ndugu mmoja wa tano Biokemia aliandika kama ordinatere inapata ugonjwa kwa njia ya intaneti tu, na sisi ambao hatuna intaneti hapa shuleni tunaweza kulala usingizi. Nilisoma neno hilo mara mbili. Aliandika vizuri, na mambo yake juu ya simu ninayakubali. Lakini hapo pa usingizi sikubali hata kidogo, na ninaomba nafasi nieleze sababu. Yeye ni rafiki yangu, hatugombani.

Virusi ya ordinatere ni programu ndogo ambayo mtu ameiandika kusudi ijinakili yenyewe ndani ya programu zingine ao ndani ya disiki zingine. Haitoki katika hewa. Watu waliipata miaka mingi mbele intaneti haijafika katika nyumba zao. Ilisafiri namna gani? Kwa mkono. Mtu alimpa mwenzake diskete, ile ya plastiki ya mraba, mwenzake akampa mwingine. Na kupita mkono wa rafiki kulikuwa mkono mwingine ambao watu waliuamini zaidi, ndio gazeti.

Wengi wetu hatukuona magazeti yale, basi nieleze. Uingereza na katika inchi zingine za Ulaya, mwisho wa miaka ya 1980 na miaka yote ya 1990, kulikuwa magazeti ya ordinatere na ya michezo ya ordinatere yaliyotoka kila mwezi. Juu ya ganda la gazeti walibandika diskete, na nyuma yake wakabandika CD, ya bule. Ndani yake waliweka vipande vya michezo mipya, hatua moja ao mbili tu, ili uonje, sawa vile mama wa soko anakukatia kipande cha nanasi kusudi ununue lote. Kwa mtoto asiye na pesa ya kununua mchezo mzima, disiki ile ilikuwa karamu yake ya mwezi. Nani angeuliza kama imepimwa? Jina la gazeti lilitosha.

Basi katika mwaka 1990, gazeti moja la Uingereza, PC Today, lilitoka na diskete ya bule, na ndani yake kumbe kulikuwa virusi iliyoitwa Disk Killer, maana yake muuaji wa disiki. Nakala zaidi ya 50.000 ziliuzwa. Virusi ile ilijificha katika kipande cha kwanza cha diskete, pahali ordinatere inasoma mbele ya kitu kingine chochote wakati inaamka. Kwa hiyo hata usifungue mchezo wowote. Umesahau diskete ndani, umewasha mashini, imekwisha ingia. Kisha inahesabu saa, polepole. Mashini ikifikisha kazi ya saa 48 kwa jumla, inavuruga maandishi yote ya disiki. Kazi yako iko pale pale, haikutoka, lakini haisomeki.

(Sichanganyi jambo hili na diskete za SIDA za Desemba 1989. Zile ni karibu 20.000, zilitumwa kwa posta kutoka London kwa watu waliokuwa katika mkutano wa SIDA na kwa waliojiandikisha kwa gazeti PC Business World. Zilijifanya somo juu ya ugonjwa, kisha zikaficha kazi za watu na kudai dola 189 zitumwe Panama. Huo ulikuwa mtego wa makusudi, mtu aliuandaa na kuutuma. Mimi ninasema juu ya disiki ambazo walizitoa kwa moyo mwema.)

Sasa tufike mwaka 1998, juu huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwaka ule CD zilikuwa zimekwisha shika nafasi ya diskete. CD ya gazeti haiandikwi moja moja. Watu wa gazeti wanatengeneza moja, ya mama, kiwanda kinachapa zingine zote kwa mfano wake. Ikiwa programu moja tu ndani ya ile ya mama iko na virusi, watoto wote wanazaliwa nayo. Njo mambo yaliyofika. CD ya gazeti la michezo PC Gamer, ya mwezi wa 7 mwaka 1998, ilitoka na virusi ndani. Katika mwezi wa 8, gazeti lingine la michezo la Australia, PC PowerPlay, likatoka na virusi ileile. Mwezi huohuo wa 8, CD ya mchezo mzima, iliyouzwa kwa pesa katika maduka, nayo ikawa nayo. Mchezo ule uliitwa WarGames, maana yake michezo ya vita. Kwetu vita ya kweli ilianza tarehe 2 ya mwezi uleule, lakini hiyo ni habari ingine.

Walikosa kupima? Programu ya kinga inatambua yale iliyofundishwa. Virusi mpya ambayo haijafundishwa inapita mbele yake sawa mgeni aliyevaa vizuri. Tena hii ilibadilisha sura yake kila mara iliponakiliwa, kusudi isitambulike. Haikuharibu kazi za watu, lazima niseme ukweli. Ilingojea miezi mitatu. Ukifungua programu yenye virusi saa ileile ambayo iliingia, kioo chote kinajaa alama ya kosa, ule msalaba mweupe ndani ya duara nyekundu. Basi. Waliyoiandika walikuwa watu wa kundi lililojiita 29A. Katika hesabu ya 16 ambayo watu wa ordinatere wanatumia, 29A ni 666. Sipendi kuogopa namba, lakini inaonyesha wale walipenda kuchezea nini.

Na jina la virusi yenyewe? Marburg.

Wasomaji wa Haut-Uele wamekwisha shituka. Wengine niwaeleze: Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 watu wa pale, wa Frankfurt na wa Belgrade waliugua juu ya nyani wadogo waliotoka Uganda kwa kazi ya laboratware, watu 31, na 7 walikufa. Ugonjwa ukachukua jina la mji. Ni ndugu wa Ebola. Na mwaka 1998, mwaka uleule wa zile CD, Marburg ya kweli ilikuwa Durba, karibu na Watsa, kati ya wachimbaji wa dhahabu. Toka mwezi wa 10 wa 1998 mpaka mwezi wa 9 wa 2000, watu 154 waliugua na 128 walikufa. Jina la ugonjwa halikujulikana upesi. Habari ilisikika mbali mwaka 1999 tu, wakati daktari mkubwa wa zone ya Watsa alikufa naye.

Baba mdogo wangu alichimba Durba miaka ile. Yeye alitoka salama, mwenzake waliyelala naye chumba kimoja hakutoka. Siku nilimweleza kama kule Ulaya watu walipatia virusi ya ordinatere jina la ugonjwa huo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Njo jina balichagua juu ya muchezo?" Nilimwambia ndiyo, baba, lakini hawakujua mambo ya Durba. Akasema: "Basi sasa ujue wewe." Hakuongeza neno.

Yeye ndiye alinieleza juu ya shimo la Goroumbwa. Wagonjwa wengi walikuwa watu waliofanya kazi chini ya udongo, na shimo lililotajwa zaidi lilikuwa hilo, lenye popo wengi sana. Wenye elimu walipochunguza damu za wagonjwa walikuta aina mbalimbali za virusi, alama kama ugonjwa haukuingia kwa watu mara moja tu. Uliingia, ukatulia, mwingine akashuka, ukaingia tena. Nyuma yake walikuta alama za virusi katika popo wenyewe. Mwezi wa 9 mwaka 2000 maji yalijaza shimo, na ugonjwa ukakatika.

Mimi ninaona CD ile ya 1998 ni sawa shimo lile, si sawa mgonjwa. Mgonjwa anapona ao anakufa, na ordinatere yenye virusi unaweza kuifuta yote na kuanza upya. Lakini CD iliyochapwa kiwandani haifutiki. Hakuna dawa unayoweza kuandika ndani yake. Gazeti linaweza kuomba msamaha katika namba inayofuata, na msamaha huo utasomwa na nani? Si yule aliyeokota CD peke yake, bila gazeti, miaka 10 ao 25 nyuma. Virusi inakaa mule kimya, haizeeki, haisikii njaa, inangoja mtu ashuke.

Sasa ndugu yangu wa Biokemia aniambie: sisi tuko mbali na jambo hili?

Kwa wasiojua, katika chumba chetu cha informatika kuko ordinatere tano. Zote ni zawadi, na zote zinatumia Windows 98, juu mashini zile ni za zamani, hazina nguvu ya kubeba mpya. Virusi za wakati ule zilitengenezwa kwa mashini kama zile kabisa. Mwenye simu ya kisasa hana sababu ya kuogopa Marburg, sisi tuko nayo. Na mwezi wa 2, pamoja na vitabu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, kulifika kartoni ya magazeti ya zamani ya michezo na CD zake, karibu 40, zingine bila magazeti. Ni watu wema, walitoa walichokuwa nacho. Siku ileile wenzangu walitaka kuziingiza.

"Hizi ni za bule, tena ni za gazeti, hazikutoka kwa watu wa njiani," mmoja alisema.

"Tena bamezileta bamisionere," mwingine akaongeza.

Mimi nilisema tungoje. Walinicheka, wakaniita daktari wa mashini. Lakini katika ordinatere ya nne, karibu na dirisha, kuko nyimbo 212 za kwaya ya wazee. Hazimo katika kitabu chochote. Koko mmoja wa kwaya aliziimba kutoka kichwa chake, jioni baada ya jioni wakati grupe ilikuwa inawaka, na wasichana wawili wa sita waliziandika kwa muda wa miaka miwili. Koko yule amekwisha kufa. Wale wasichana wameolewa mbali. Nyimbo ziko pahali pamoja tu, ndani ya mashini ambayo mtu alitaka kuingiza CD ya mchezo wa motokari juu ndiyo inakwenda mbio kuliko zingine.

Na si Marburg peke yake. Mwaka huohuo 1998 mwanafunzi mmoja wa Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika virusi CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 iliamka na kufuta mwanzo wa disiki katika mashini nyingi sana, hasa Asia, na kwa zingine ilifuta hata maandishi ya ndani ambayo mashini inasoma wakati inaamka, ikabaki sawa jiwe. Nayo ilipita katika CD za magazeti ya michezo ya Ulaya. Gazeti moja lilitia ndani karatasi ya kuwaonya wasomaji wasafishe mashini zao kisha kutumia CD. Wameuza hivyo hivyo, na karatasi! Na karatasi ndiyo ya kwanza kupotea. Katika kartoni yetu sikukuta hata moja. CIH inaamka kila tarehe 26 ya Aprili, si ya 1999 tu.

Sisemi tutupe kartoni. Mimi mwenyewe ninatamani kuona michezo ile, na magazeti yake nimekwisha soma kwa diksionere. Mwalimu wa informatika iko na mashini mpya yenye programu ya kinga ya sasa, ambayo inazijua virusi hizi za zamani vizuri sana. CD zipite pale kwanza, moja moja, huku akikandamiza kifungo cha Shift wakati wa kuingiza kusudi isijifungue yenyewe. Zile zenye ugonjwa ziandikwe alama nyekundu, zivunjwe. Zingine zichezwe katika ordinatere ya kwanza tu, ile yenye kioo kibaya, ambayo haina kazi ya mtu. Na flashi iliyoingia pale isiingie katika ya nne. Bwana Prefe alisikia maneno haya, akasema mwalimu ajibu. Mwalimu amesema atapata nafasi kisha mitihani.

Mbele ya hapo, kila Jumatano na Jumamosi mimi na wasichana wa kwaya tunakaa karibu na dirisha tunanakili nyimbo katika kaye kwa bik. Tumefika namba 87. Mwenye mwandiko mzuri na asiyechoka upesi aje, kaye tunazo, bik aje na yake.