Alikimbia, hukimbia

Mdogo wangu hukimbia mita 1500. Nimeanza na kitenzi hicho makusudi, kwa sababu mwaka jana nilishindwa kukielewa, mimi niliyekaa miaka minne katika kitivo hiki nikichambua vitenzi vya lugha za Kibantu.

Kwetu ni Kasungami, katika komini ya Annexe. Karibu na nyumbani hakuna uwanja wa riadha. Kuna njia ya udongo mwekundu, ambayo mwezi wa sita hugeuka vumbi tupu, na kila asubuhi hupitwa na baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala. Kwenye njia hiyo nilipima mita 200 kwa kamba, toka mwembe wa jirani hadi kichuguu kikubwa, kwenda na kurudi ikawa mita 400. Mdogo wangu alikuwa na miaka 18 na alijiandaa kwa mchujo ambao ungechagua wasichana wachache wa kwenda kushindana nje ya mkoa. Kocha hakuwa naye. Alikuwa na mimi, simu yangu, na mazoea yangu ya kufuatilia mbio za Wakenya usiku wakati wengine wamelala.

Mjini kwetu mtu akiwa vizuri tunasema "iko forme", neno tulilokopa kwa Kifaransa. Tunalisema upesi, lakini kulithibitisha ni kazi. Katika mbio za kati namba ya mwisho haitoshi, ni lazima uone namna ilivyopatikana. Tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya Olimpiki ya London, David Rudisha alipita mita 400 za kwanza kwa sekunde 49.28, akamaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Ukitoa, mzunguko wa pili ulimchukua sekunde 51.63. Alianza kwa kasi ambayo wengi ingewavunja, na bado hakulegea sana. Hilo ndilo jicho la mtazamaji mzoefu: anatafuta mahali ambapo mwili ulianza kukataa. Anaangalia mabega kama yamepanda, mikono kama imeanza kukata hewa kwa upande, na baada ya mbio anaangalia pumzi inarudi baada ya muda gani.

Hiyo pumzi nilikuwa na njia yangu ya kuipima. Mwalimu wetu wa fonetiki alikuwa ametupa zoezi la kurekodi usemi wa kawaida na kuchunguza vituo vyake. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Kila mdogo wangu alipomaliza mita 400, nilimwacha dakika moja, kisha nikamwomba ahesabu toka moya hadi makumi mbili huku simu ikirekodi. Alicheka, lakini alihesabu. Rekodi nilizihifadhi, nikaziacha. Kwenye daftari niliandika muda tu.

Wiki tatu kabla ya mchujo nikasema leo tujaribu mita 1500 kamili. Mbio kama hiyo alikuwa ameshaikimbia mara mbili njiani kwetu, na mara zote alimaliza chini ya dakika 5 na sekunde 20. Siku hiyo alimaliza kwa dakika 5 na sekunde 31. Nilimwonyesha simu, nikamwambia hayuko tayari, angojee mwaka ujao asije akaaibika. Alikuwa ameinama, mikono magotini. Akanijibu bila kuinua kichwa:

"Yaya, miye nakimbiaka muzuri. Ni leo tu njo sikukimbia muzuri."

Nikaona ni maneno ya kujitetea. Usiku uliotangulia sote tulikuwa kwenye kilio cha jirani, na yeye hakulala, alisaidia kupika na kuteka maji mpaka alfajiri. Nililijua hilo, kwa maana nilikuwapo. Lakini namba ilikuwa kwenye simu, na namba ilionekana ya kweli kuliko usiku. Mchujo ulifika, yeye akabaki nyumbani anafua. Viatu akavisukuma chini ya kitanda, na kwa miezi miwili sikumwona akikimbia hata kuwahi basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kisa kama chake nilikuwa nakijua. Mwezi Juni 2021 Kenya ilifanya mchujo wa Olimpiki ya Tokyo katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1500 toka mwaka 2019, alimaliza wa nne. Nafasi zilikuwa tatu, akaachwa. Kwa saa ya siku ile hapakuwa na la kujadili. Kisha ikaonekana kwamba kijana mmoja aliyemaliza mbele yake hakuwa ametimiza idadi ya vipimo vya dawa iliyotakiwa kabla ya michezo, si kwamba alikutwa na kosa, na Cheruiyot akarudishwa kikosini. Tarehe 9 Julai, Monaco, alikimbia dakika 3 na sekunde 28.28. Tarehe 7 Agosti, katika fainali ya Tokyo, alichukua medali ya fedha kwa dakika 3 na sekunde 29.01. Watu walisema amerudi. Mimi nilijiuliza kama aliwahi kuondoka. Nililiuliza swali hilo kuhusu Cheruiyot, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, lakini sikuliuliza kuhusu mtu tunayekula naye bukari sahani moja.

Mwezi wa tisa nilitakiwa kurudisha zoezi la fonetiki. Nikafungua rekodi zile katika programu ya Praat na kuanza kupima vituo. Wiki ya kwanza, baada ya mzunguko wa nne, mdogo wangu alivuta pumzi mara sita kabla ya kufika makumi mbili, mara nyingine katikati ya neno. Wiki ya tatu, mara nne. Wiki ya tano, mara mbili, na zote mbili mwishoni mwa namba, mahali ambapo msemaji aliyetulia hupumzika. Siku mbili kabla ya jaribio lile baya alihesabu namba zote kwa pumzi moja na kituo kimoja kifupi baada ya kumi. Nilizirudia rekodi mara mbili. Mwili wa mdogo wangu ulikuwa umejengeka kwa wiki tano, na ushahidi wote ulikuwa mfukoni mwangu.

Ndipo jibu lake liliponirudia, sasa kama sentensi ya kuchambua. Nakimbiaka. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kiambishi hicho cha mwisho hubeba mazoea, kazi ambayo katika Kiswahili sanifu hufanywa na hu-. Wenzetu wa Lingala wanacho pia, na wataalamu wanakihusisha na umbo la kale la Kibantu. Katika kitivo chetu wapo wanaokiona kama uchafu wa mitaani. Mdogo wangu alikitumia kwa usahihi kamili. Alitenganisha tukio moja la asubuhi moja na hali inayodumu, na akaziweka katika sentensi mbili zilizofuatana ili hata mimi nielewe. Katika darasa la isimu tunafundishwa kutochanganya umilisi wa msemaji na utendaji wake wa saa moja, kwa sababu uchovu, woga au usingizi huweza kumfanya mtu akosee lugha anayoijua vizuri. Nilipata alama nzuri katika mtihani wa somo hilo.

Lakini sitaki kusema kwamba saa ni mwongo. Tarehe 15 Juni 2024, katika uwanja wa Nyayo, Emmanuel Wanyonyi alishinda mchujo wa mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.70, na mwezi Agosti akatwaa dhahabu ya Paris kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Tukio na mazoea vilikubaliana. Siku ileile ya mchujo Faith Kipyegon alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 53.98. Aliyeisoma namba hiyo peke yake angeweza kudhani kwamba kasi yake imepungua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mbio ndefu kidogo hulipa gharama yake. Tarehe 7 Julai huko Paris, chini kabisa, alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 49.04. Saa ya Nyayo ilikuwa imesema kweli, ila ilihitaji kusomwa na mtu anayekumbuka ni wapi ilisemwa.

Wala mchujo si udhalimu. Kama wachaguzi wangefuata sifa peke yake, wenye majina wangekaa kwenye nafasi zao mpaka wazeeke, na kijana asiyejulikana asingepata mlango. Mstari wa mwisho hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Ndiyo maana kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la mchujo wowote. Mchujo haukuwahi kumkataa mdogo wangu. Nilimkataa mimi, wiki tatu kabla, kwa jaribio moja la njia ya vumbi, tena bila mpinzani.

Nilimsikilizisha rekodi zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa nini sauti yake ni nyembamba hivyo kwenye simu. Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha.

Mwezi wa pili mwaka huu, njia ikiwa matope, nilimkuta asubuhi anafunga kamba za viatu vilevile. Akaniambia nisimame penye mwembe. Nilipotoa simu alinyoosha mkono akaichukua, akaiweka mfukoni mwake.

"Leo utaniangaliaka tu," alisema.

Nikamwambia hapo kiambishi hakifai, kwa kuwa leo ni siku moja.

"Yaya," alijibu, akianza kukimbia, "kesho tena utakuya."