Haikuwa Jini, Ilikuwa Jeni

Kila wiki mnaniuliza mbona niliacha chuo. Sawa, leo nawajibu, na si stori ya kuchekesha.

Brathe yangu alikuwa na miaka 17 mkono ulipoanza kumtetemeka. Mwandiko ukaharibika, maneno yakaanza kumkwama, akawa mkali bila sababu. Mtaani wakasema anatumia vitu. Shangazi akasema ni jini. Mimi, na hii ni aibu yangu, nilimwambia aache drama.

Tulizunguka kliniki mwaka mzima. Malaria. Taifodi. Mawazo. Pesa ya semesta yangu ikaishia hapo.

Halafu daktari mmoja wa neva akapunguza taa, akammulika macho kwa mashine. Pale weusi wa jicho unapokutana na weupe kulikuwa na pete ya kahawia. Kwa macho meusi kama yetu, bila ile mashine huioni. Ilikuwa shaba, ileile ya kwenye waya za stima.

Huu ni ugonjwa wa Wilson, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka wa 1912. Jeni iitwayo ATP7B ikiharibika, ini linashindwa kutoa shaba mwilini, na shaba inajaa kwenye ini, ubongo na macho. Shangazi alikosea herufi moja tu.

Lakini pete pekee haikutosha. Walipima damu kutafuta protini inayobeba shaba: ilikuwa chini. Brathe akakusanya mkojo wa saa 24 kwa mtungi: shaba ilikuwa juu. Wakapiga picha ya ubongo. Hakuna kipimo kimoja kinachofunga hii kesi, wanajumlisha ushahidi.

Sasa anameza dawa za kutoa shaba, na atazimeza maisha yake yote. Bado anatetemeka, lakini juzi aliandika jina lake likasomeka.

Kisha daktari akanigeukia. Mathe na buda kila mmoja amebeba jeni moja mbovu bila kuugua. Kwa hivyo kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mimi pia. Ukipatikana mapema, unaanza dawa kabla mkono haujatetemeka.

Nilijua hivyo, na bado nilijificha miezi minne. Kutojua kulikuwa kutamu.

Kesho naenda kupimwa. Mtungi uko hapa kando yangu ninapoandika, na umeshajaa nusu.