Chatu wa Ukweni na Wadudu Wasioonekana

Kabla hujakubali kuolewa huwa unashauriwa uchunguze kwao mwenzio. Kama wana ugonjwa wa kurithi, kama ni wagomvi, kama mama mkwe anapenda kuingilia. Shangazi zangu wa Tanga waliniuliza yote hayo na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Hakuna hata mmoja aliyenikumbusha kuuliza kama huko ukweni wanafuga chatu.

Mume wangu ni mjiolojia katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Mimi kazi yangu iko Dar, ya kuhariri, kwa hiyo ndoa yetu ni ya simu na ya likizo kama za wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Mgodi ule ni wa chini ya ardhi, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na kijiji kilicho mlangoni kwake ni Kakola. Hapo Kakola ndipo anapoishi mjomba wake, mzee aliyemsomesha tangu sekondari, na ambaye kwangu mimi ni baba mkwe kabisa. Nikimwamkia napiga goti, na bado najing'atang'ata ulimi kwenye "mwangaluka".

Mjomba ni mtu wa Bayeye. Kwa wasiojua, Bayeye ni chama cha jadi cha Wasukuma cha watu wa nyoka: wanawakamata, wanacheza nao ngoma, na wanajua dawa za aliyeumwa. Ukienda sherehe za Bulabo, pale makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, mwezi wa sita, utawakuta uwanjani pamoja na Bagika na Bagalu, yale makundi mawili makubwa yasiyokubali kushindwa. Vikundi viwili huanza ngoma kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Sasa niambie, ni kitu gani kinavuta watu kama mzee wa miaka sabini aliyevikwa chatu shingoni?

Chatu wa Mjomba ni jike, mita tatu na ushei. Hana sumu, chatu wote hawana, lakini nguvu anazo. Kwa mzee huyu si kipambo. Ndiye mtaji wake, ndiye jina lake, na sio siri, kuna siku nilihisi anamsikiliza huyo nyoka kuliko anavyotusikiliza sisi.

Mwaka juzi, nilipofika kwa likizo yangu ya wiki tatu (likizo ambayo tulikuwa tumepanga kuila Zanzibar), nilikuta nyumba nzima imenyamaza. Chatu alikuwa hali. Alikuwa amelala ndani ya karai lake la maji mchana na usiku, pua tu ndiyo iko juu. Ngozi ilikuwa inamtoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu, wakati nyoka mzima hujivua gamba zima kwa mara moja, kama soksi. (Hapa nasema kujivua gamba kwenyewe, sio kule kwa kwenye siasa kwa mwaka 2011.) Na chatu mdogo wa pili, aliyekuwa kwenye sanduku la jirani, alikuwa amelegea kama kamba.

Mume wangu naye, ambaye kila akipata nafasi alikuwa anakwenda kumsaidia mzee kuwabeba, alikuwa na vipele vyekundu kwenye mikono yote miwili, anajikuna mpaka usingizini. Kule kambini wenzake walimwambia ni kunguni. Mke mwingine angeanza kuuliza maswali ya gesti. Mimi niliuliza tu vimeanza lini, akaniambia vimeanza chatu alipoanza kuumwa.

Lakini siyo vipele vilivyonikosesha usingizi. Usiku wa pili nilisikia wazee wakizungumza uani, na katikati ya Kisukuma nisichokielewa vizuri nikasikia jina la bibi mmoja jirani. Bibi mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa miaka yote ya kupikia moshi. Alikuwa amepita wiki moja kabla kuomba moto, akasimama karibu na sanduku, akasema, "Kumbe amenenepa hivi!" Basi. Walikuwa wanasema kamrusha jicho.

Kama umekulia mbali na huko unaweza kucheka. Shinyanga hilo neno halichekeshi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na macho mekundu yametajwa kama ushahidi. Nilimwamsha mume wangu. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla hajaenda mtu kwa mganga, tujue huyu nyoka anaumwa nini.

Asubuhi alileta kitu anachotembea nacho mfukoni kila siku kazini: kile kilenzi kidogo cha kukuzia mara kumi, ambacho wajiolojia hutazamia mawe. Tukatandika shuka nyeupe, tukamlaza chatu, tukamfuta taratibu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikajaa vijidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Kwenye karai, chini ya maji, pilipili ile ile. Mume wangu akainama na lenzi, akanyamaza muda mrefu, kisha akampa Mjomba.

"Inatembea," mzee akasema.

Akatazama tena. Akatazama pembeni ya jicho la chatu, kwenye mfereji wa kidevu, kwenye vile vishimo vya mdomoni ambavyo chatu hupimia joto la mawindo, na kuzunguka tundu la haja. Wamejipanga, wamenenepa kwa damu. "Utitiri," akasema. "Kama wa kuku."

Na kweli ni utitiri, ila wa nyoka. Wanasayansi wamemjua tangu mwaka 1844, wanamwita Ophionyssus natricis, na leo yuko karibu kila mahali duniani ambapo mtu amemweka nyoka kwenye sanduku. Mdogo, mkubwa wao akishiba ni kama milimita moja na kidogo. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, aliyeendelea na udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro, alinieleza kwa simu nikiwa nimesimama juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Mdudu huyu ana hatua tano: yai, kiluilui, vijana wa aina mbili, na mkubwa. Wanaonyonya damu ni wale vijana wa kwanza na wakubwa tu. Kwenye joto la kama nyuzi 25 mpaka 30, kutoka yai mpaka mkubwa ni wiki mbili, au chini kidogo ya tatu. Jike hutaga mayai sitini na zaidi katika maisha yake. Wakiwa wengi nyoka hupungukiwa damu, na tangu mwaka 1948 mtafiti Mmarekani Joseph Camin alionyesha kwamba wanaweza kumbebea nyoka bakteria wa kuoza damu kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Wakikosa nyoka karibu, humuuma mtu. Hivyo ndivyo vipele vya mume wangu vilivyopata maelezo.

Halafu rafiki yangu akaniuliza, "Sanduku ni la nini?" Nikamjibu la mbao. Akacheka kwa huzuni. "Basi mgonjwa wenu ni sanduku."

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulishike hata kama hutafuga nyoka maishani. Utitiri hautagi kwenye mwili wa nyoka. Unashuka, unatafuta mahali penye giza na unyevunyevu, kwenye ufa wa ubao, chini ya gogo, kwenye matandiko, na huko ndiko mayai yanakokaa. Unaweza kumsugua nyoka aking'ae kama sarafu, kesho yake watoto wanapanda upya.

Tulivyorudi nyumbani tukakuta kijana mmoja wa ukoo ameshachanganya ndoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, mtu mwema kabisa, anataka kumtumbukiza chatu. Nilipiga kelele ambayo mkwe hatakiwi kupiga. Dawa ile hupimwa kwa ajili ya ng'ombe. Nyoka akizidishiwa hutetemeka, akigeuzwa chali anashindwa kujigeuza, na mwisho wake mnaujua. Hali kadhalika mafuta ya taa, ambayo nilisikia yakipendekezwa na watu watatu tofauti siku hiyo hiyo.

Tulichofanya ni hiki. Matandiko, gogo na sanduku lenyewe vilichomwa moto. Mjomba aliumia, sanduku alilichonga mwenyewe, lakini alilitia kiberiti kwa mkono wake. Tukanunua mapipa mawili ya plastiki laini, lisilo na ufa, tukatoboa matundu ya hewa na kuweka mfuniko unaofungwa. Ndani tukatandika karatasi za magazeti tu. Gazeti likiwa jeupe unaona kila doa linalotembea, na unalichoma kila siku. (Msinicheke: gazeti letu hili halifai, karatasi yake inateleza na hainywi maji.) Kila tulipobadilisha karatasi tulimwagia pipa maji yanayochemka, tukalianika juani, na nyoka hakurudi mpaka limepoa na kukauka.

Kila siku ya pili, kuoga. Beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 mpaka 30, yaani baridi kuliko ya mtoto mchanga, nusu saa hadi saa, mtu akiwa pale muda wote ili kichwa kiwe juu. Utitiri mwingi hufa maji. Wajanja hukimbilia kichwani. Hao tuliwafuata kwa kipande cha pamba chenye mafuta kidogo ya alizeti, kuzunguka macho na midomo. Pamba Usukumani si kitu cha kutafuta. Na chatu wa ukubwa ule hashikwi na mtu mmoja. Tulikuwa watatu, na sheria ya Mjomba ni kwamba hakuna kujivisha shingoni ukiwa peke yako, hata awe mpole vipi.

Dawa ya sindano, ivamektini, alikuja kuichoma daktari wa mifugo. Kwanza alitaka uzito. Tukamfunga chatu kwenye gunia, tukamtundika kwenye mizani ya dukani: kilo 19. Kipimo ni miligramu 0.2 kwa kilo moja, kwa hiyo kwa dawa ya asilimia moja ni chini ya nusu ya mililita. Kijana wa ndoo alisimama pale akiangalia kile kitone kwenye sindano, hakuamini. Baada ya siku 14 akachomwa tena. Ukiwa na kobe nyumbani, dawa hii usimpe kamwe, kwa kobe ni sumu. Usijifanyie mwenyewe na nyoka pia.

Chatu mdogo hakufika sindano ya pili. Alikufa siku ya tisa. Mjomba alimzika nyuma ya nyumba na hakuongea mpaka jioni, nasi tulinyamaza naye.

Likizo yangu ikaisha, mume wangu akarudi zamu, na kazi ikabaki kwa mke wa Mjomba, mama ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumgusa nyoka. Kila jioni alinipigia kunisomea hesabu: leo doa saba kwenye gazeti, leo mawili, leo hakuna, leo limerudi moja! Wiki sita, kwa sababu kijana wa utitiri anaweza kukaa bila kula karibu mwezi akisubiri nyoka apite. Ukiacha wiki ya tatu kwa kuwa huoni kitu, umewafugia wao. Wiki ya saba alinipigia simu akipiga vigelegele. Gamba lilikuwa limetoka zima, kuanzia midomo mpaka mkiani, na chatu amekula sungura.

Kuhusu bibi jirani, Mjomba alimpelekea lenzi. Yaani alitembea nayo mpaka kwake, akamwonyesha utitiri uliobanwa kwenye plasta, mbele ya watu. Hakuomba radhi, wazee wa kule hawaombi hivyo. Lakini watu waliona, na jina lake halikutajwa tena uani.

Walitoka wapi? Tulikaa tukahesabu. Miezi miwili kabla, kwenye mashindano ya ngoma, vikundi vilikuwa vimebeba nyoka kwenye magunia, magunia yakarundikwa pamoja kwenye gari moja. Siku hizi nyoka yeyote mgeni anakaa pipa lake, chumba kingine, siku 60 hadi 90, na anahudumiwa wa mwisho ili mikono isimbebee mwenzake wadudu. Gunia linachemshwa.

Na kabla hujanitumia ujumbe kuuliza chatu anapatikana wapi: kikundi cha Mjomba kina kibali. Mnyamapori ni mali ya taifa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani, na chatu wote wako kwenye orodha ya kimataifa ya biashara inayodhibitiwa. Mnunulie mpenzi wako maua.

Mwezi wa sita uliofuata tulikwenda wote Bulabo. Asubuhi, kabla ya ngoma, rafiki wa Mjomba wa miaka arobaini, Myeye mwenzake, alikuja kuazima gunia kwa sababu la kwake limechanika. Mjomba akakataa. Yule mzee akashangaa, akauliza wamekosana lini. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa kilenzi, akamwambia afungue kwanza gunia lake.